Mchovu Atangulie: Usiku Kucha kwa Miguu, Tegeta hadi Bagamoyo

Watu wakiniuliza tuliwezaje kutoka Tegeta hadi Bagamoyo kwa miguu usiku kucha, na bado tukafika tunasemezana vizuri, huwaambia kwamba Fundi alitangulia. Fundi ni mshonaji wa mtaani kwetu, mama wa makamo, na katika kundi letu ndiye mwenye mwendo wa taratibu kuliko wote. Kabla hatujaondoka, Mwalimu alitupanga mstari: Fundi mbele, Kijana nyuma kabisa, sisi wengine katikati. Kijana anacheza mpira timu ya mtaa na ana mapafu ya kukimbia dakika tisini, kwa hiyo hakuelewa kwa nini afunge mkia.

"Wa mbele akiwa na mbio, wa nyuma anatembea peke yake," Mwalimu akamjibu. "Na usiku, mtu wa peke yake ndiye anayepata matatizo."

Yote niliyojifunza usiku ule yanatokana na mpango huo, hata mambo ambayo Mwalimu mwenyewe hakuyatarajia.

Kundi letu lilianza kwa sababu ya presha. Daktari alimwambia Fundi kwamba dawa peke yake hazitamtosha, atembee. Mtu anayekaa kwenye cherehani tangu asubuhi hadi usiku hatoki kutembea kwa kuambiwa tu, kwa hiyo Dada Nesi, jirani yake, akawa anampitia jioni. Nikajiunga, Mwalimu akajiunga, Kijana akaja kwa kuwa Fundi ni mama yake mdogo na hakupenda arudi gizani bila mtu wa nyumbani. Tukaanza kwa kuzunguka mitaa ya Tegeta, tukasogea mpaka Boko, baadaye Bunju na kurudi. Wazo la Bagamoyo lilitoka kwa Fundi mwenyewe. Alisema amezaliwa huko, ameipita ile barabara kwenye basi maisha yake yote, na anataka walau mara moja aipite akiiona.

Kutoka Tegeta Kibaoni hadi Bagamoyo mjini ni zaidi ya kilometa 40. Mtu mzima mwenye afya hutembea karibu kilometa 5 kwa saa kwenye barabara tambarare. Ukiondoa mapumziko, na ukikumbuka kwamba mwendo hupungua kadiri saa zinavyokwenda, hesabu inakupeleka kwenye saa 10 au zaidi za kuwa barabarani. Saa 10 za jua la pwani juu ya lami si jambo la kumfanyia mwenye presha. Ndiyo maana tukachagua usiku, mwezi wa Julai, wakati wa kipupwe, upepo wa kusi ukiwa umepunguza fukuto, na tukasubiri mwezi mpevu. Fundi alirudi kwanza kwa daktari wake, akapimwa, akaruhusiwa kwa sharti la kutosimamisha dawa na kutoona haya kuacha njiani.

Maandalizi nayataja haraka, ingawa ndiyo yaliyotubeba. Kwa miezi kadhaa tuliongeza umbali kidogo kidogo kila Jumamosi. Hakuna aliyevaa kiatu kipya. Kila mmoja alivaa kiatu alichokwisha kukizoea, chenye nafasi kidogo mbele, kwa sababu mguu huvimba ukitembea saa nyingi. Tulipaka mafuta ya mgando vidoleni, kwenye kisigino na kwenye mapaja. Soksi kavu za kubadilisha zilikuwa kwenye mfuko wa nailoni. Tulibeba ndizi, karanga, viazi vya kuchemsha vyenye chumvi, na maji, mengine yametiwa chumvi na sukari kwa kipimo cha Nesi. Alitusisitizia kwamba mtu anayetoka jasho usiku kucha na kunywa maji matupu tu hupunguza chumvi mwilini mpaka kichwa kikamzunguka. Mwenyekiti wa mtaa aliandikiwa barua, kituo cha polisi kikapewa taarifa. Tulivaa vizibao vinavyong'aa kama vya bodaboda, tukatembea upande wa kulia wa barabara ili magari ya upande wetu yaje tukiyatazama. Jirani mmoja mwenye bajaji alijitolea kutusindikiza. Hakutufuata nyuma kwa mwendo wa miguu. Alikwenda mbele kilometa chache, akaegesha mahali penye taa, akatungoja.

Na tulikuwa na makubaliano mawili. La kwanza: Nesi ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu miguu na afya ya mtu. Akisema panda bajaji, unapanda. La pili: anayepanda bajaji haulizwi, hatiwi moyo, hapewi pole ya kumfanya ajione ameanguka. Tunasalimiana kituo kinachofuata, basi.

Tuliondoka baada ya swala ya magharibi. Tegeta saa hiyo imejaa: daladala zinaita abiria, chipsi zinakaangwa, muziki unatoka kila upande. Watu waliotuona na vizibao walituuliza tunakwenda wapi. Tukisema Bagamoyo, walitazama barabarani kutafuta gari letu lililoharibika. Mama mmoja muuza mihogo pale Boko alikataa kuamini kwamba tunatembea kwa hiari. Alipoamini, alitufungia mihogo ya bure kwenye gazeti na kumwambia Fundi, "Mwanangu, ukifika unisalimie bahari." Kila tulipopita tulipewa pole na kheri, na sijui kama kuna nchi nyingine ambako mgeni hupewa pole nyingi hivyo kwa jambo alilojitakia.

Mpaka Bunju, Kijana alikuwa ameshateseka. Kutembea chini ya mwendo wako wa kawaida kunachosha kwa namna yake: unafupisha hatua, unajizuia, nyonga zinauma. Akaomba atangulie mpaka bajaji ilipo, apumzike huko, atungojee. Ombi lilikuwa na mantiki. Mwalimu, ambaye anafundisha historia, hakumkatalia moja kwa moja. Alimhadithia.

Alimwambia kwamba tunaelekea mji ambao misafara ya karne ya 19 ilitokea na kuishia. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walishuka kutoka Tabora, wengine kutoka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,000, kila mmoja na mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, begani au kichwani. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, kiongozi wa njia, na bendera yake. Mwingereza Richard Burton, aliyeingia bara kutokea pwani hii mwaka 1857, aliandika kwamba aliyethubutu kumpita kirangozi alitozwa faini. Kijana akauliza kwa nini wamtoze mtu faini kwa kuwa na nguvu. Mwalimu akasema kwamba msafara ukikatika vipande, mizigo huibwa, wagonjwa huachwa porini, na wa mbele hufika penye maji wakayavuruga kabla wa nyuma hawajanywa. Nguvu za mmoja hazikuwa zake peke yake. Zilikuwa sehemu ya mzigo wa wote.

Kijana akakaa kimya. Baada ya muda nikaona amechukua mkoba wa Fundi, kisha chupa za Mwalimu, akavitundika vyote mabegani. Mwendo ule ambao ulikuwa mdogo mno kwake ukawa unamtosha. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu hapo, kwa sababu nina wenzangu kazini wenye uwezo mkubwa na haraka kubwa, na siku hizi nikiona mtu anawaacha wenzake mbali, sianzi kwa kumwambia apunguze mwendo. Natazama kwanza kama kuna mzigo wa kumwongezea.

Tukavuka daraja la Mto Mpiji karibu na usiku wa manane. Pale ndipo Dar es Salaam inapoishia na Mkoa wa Pwani unapoanza, na usiku wenyewe ulibadilika. Taa zikapungua, magari yakawa ya kuhesabu, vyura bondeni wakapiga kelele mpaka tukalazimika kupaza sauti. Mwezi ulikuwa juu kabisa. Kulikuwa na mwanga wa kutosha kuona ukingo wa lami bila tochi, na Mwalimu akatuomba tuzime tochi kila barabara ilipokuwa tupu, kwa kuwa jicho likizoea giza huona mbali kuliko linavyoona kwenye duara la tochi.

Katika giza lile mazungumzo yakageuka. Mchana watu wawili wanaozungumza hutazamana, na macho huhukumu hata pale ulimi unapostahi. Usiku mnatembea sambamba, nyote mnatazama mbele, na mtu akisema neno zito hakuna anayeona uso wake. Mwalimu alinieleza jambo la nyumbani kwake ambalo sitaliandika hapa. Tumefahamiana miaka mingi, tumekaa kahawani pamoja jioni nyingi, na hakuwahi kuligusa. Sikumshauri chochote. Nilitembea naye tu, na baada ya kama kilometa moja akashusha pumzi na kuanza kuzungumzia mambo ya mpira. Tangu usiku ule, rafiki yangu akiwa na jambo simwambii tena "njoo tukae tuzungumze." Namwambia tutembee.

Kuanzia Mapinga hadi Kerege ndipo usingizi ulipotukamata. Nesi alikuwa ametuonya: joto la mwili hushuka mpaka chini kabisa karibu na alfajiri, na saa hizo mwili hauulizi kama una shughuli; unataka kulala. Niliona miti inasogea. Niliona mtu amesimama kando ya barabara, nikamsalimia, kumbe nguzo. Kijana alitembea kama hatua kumi macho yamefumba, Mwalimu akamvuta kizibao. Tulipumzika, lakini kwa saa mkononi: dakika kumi, si zaidi. Ukikaa zaidi ya hapo misuli hupoa na kukaza, na kuinuka kunakuwa kazi kubwa kuliko kilometa nzima. Ukikaa, unavua viatu, unaanika miguu, unabadili soksi kama zimelowa, kwa sababu lengelenge huzaliwa na unyevu na msuguano. Nesi alipita kwa kila mmoja na tochi, akaangalia vidole, akabandika plasta palipoanza kuwa pekundu. Mikono yetu ilikuwa imevimba kwa kuning'inia saa nyingi. Akatuambia tuinyanyue juu ya vichwa na kukunja ngumi mara kwa mara.

Kilichotuamsha ni Fundi. Akiwa mbele, bila kugeuka, alianza kuimba nyimbo za mchakamchaka, zile tulizokimbilia asubuhi shuleni. Nyimbo hizo zina mwendo wa mbio, lakini yeye aliziimba polepole, kila neno na hatua yake, nasi tukaitikia. Yule ambaye tulidhani tunamsubiri ndiye aliyekuwa na pumzi ya kuimba. Nadhani sababu ni wazi: hakuna alipolazimika kumkimbiza mtu. Tangu Tegeta alikuwa anatembea mwendo wake mwenyewe, na mwendo wako mwenyewe unaweza kukupeleka mbali sana. Nilipomwona vile nikawaza mazoezi yetu ya mwanzo, tulipokuwa tukimweka nyuma na kumgeukia kila mara tukisema "jitahidi, Mama." Siku hizo alikuwa anafika nyumbani amekwisha.

Jambo ambalo mpango wa Mwalimu haukuwa umelifikiria lilitokea Zinga.

Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la duka lililofungwa. Nesi amemaliza kutukagua, anafunga mkoba wake wa dawa. Fundi alikuwa anamtazama. Jicho la mshonaji huona mshono uliolegea kabla mwenye nguo hajajua, nalo lilikuwa limeona kwamba Nesi anakanyaga kwa ukingo wa nje wa mguu wa kushoto.

"Dada, vua kiatu."

"Mimi mzima. Tuondoke, dakika zimekwisha."

"Umetukagua sote tangu jana jioni. Wewe nani kakukagua?"

Nesi akacheka, akasema yeye anajijua. Fundi hakucheka. Alipiga magoti chini, mwanamke ambaye miguu yake mwenyewe ilikuwa imetembea zaidi ya kilometa 30, akamfungua kamba za kiatu. Soksi ilikuwa imegandamana na ngozi. Chini ya kisigino lengelenge kubwa lilikuwa limeshapasuka, na pembeni palianza kuvuja damu. Nesi alikuwa analijua tangu Mapinga. Alinyamaza kwa sababu alihesabu kwamba akikaa chini kujitibu, sisi tutakosa mtu wa kututibu.

Kulikuwa na mabishano, na nayasimulia kwa sababu yana uzito. Nesi alisema zimebaki kilometa chache, kwamba amekwisha kufanya zamu za usiku kwa miguu mibaya kuliko huo. Nilimwamini. Wauguzi wetu hufanya hivyo kila wiki na hakuna anayewatazama miguu. Mwalimu alitaka amwachie aamue, maana kwa makubaliano yetu neno la afya ni la Nesi. Fundi akasema makubaliano hayo yana tundu: anayewaamua wote hawezi kujiamua mwenyewe, kwa kuwa kila akijipima ataweka wengine kwenye mizani. Akaosha kidonda kwa maji safi, akakifunika kwa shashi kama alivyomwona Nesi akifanya, akamfunga na kumwambia, "Sasa panda bajaji, mdogo wangu. Na sheria ni ileile, hakuna atakayekuuliza."

Nesi alipanda. Machozi yalimtoka, akageukia upande wa pili. Tuliishika ahadi, hakuna aliyesema neno.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta mtu wa namna hiyo kila mahali ninapoingia. Katika familia, katika kikundi cha vikoba, msikitini, kazini, yupo mmoja ambaye kazi yake ni kuuliza wengine wanaendeleaje. Kwetu nyumbani ni dada yangu mkubwa. Nilimpigia simu wiki ileile nikamuuliza habari za mgongo wake, na nilipomkatalia jibu la "nzuri tu", alizungumza kwa karibu saa nzima.

Tulibaki wanne barabarani. Kabla ya kufika Kiromo adhana ya alfajiri ikasikika, kwanza msikiti mmoja, kisha mingine ikaitikia kutoka upande wa bahari. Mimi na Mwalimu tukasimama kuswali kwenye msikiti mdogo kando ya njia. Kusujudu na magoti yale kulikuwa kazi, na kuinuka kazi zaidi. Imamu, mzee mwenye ndevu nyeupe, aliposikia tumetoka Tegeta alituombea dua ndefu, akatutolea tende. Fundi na Kijana walitungoja nje, wamekaa kwenye baraza, Kijana ameegemeza kichwa begani kwa mama yake mdogo, amelala fofofo.

Jua lilituchomozea kabla hatujaingia mjini. Kilometa za mwisho ndizo zilizokuwa ndefu kuliko zote, maana unaona nyumba za mji na akili inakuambia umefika, wakati miguu bado ina kazi ya saa nzima. Hapo Fundi alipunguza mwendo zaidi, na hakuna aliyelalamika.

Tulipita karibu na misheni ya Kikatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868. Mwalimu alitaka tusimame pale. Februari 1874, watu waliotoka kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, walifika hapa wakiwa wamebeba maiti ya David Livingstone, ambaye alikuwa amefariki Mei mwaka uliotangulia. Miongoni mwa waliouongoza msafara huo ni Abdallah Susi na James Chuma. Walitembea miezi mingi, mamia kwa mamia ya kilometa, na baadhi ya wenzao walifia njiani. Jina la marehemu limewekwa kwenye mnara. Waliombeba, wengi wao hata majina yao hayajulikani na wageni wanaokuja kupiga picha. Nikiwa nimesimama pale na miguu inayowaka baada ya usiku mmoja tu, bila mzigo, na bajaji ikiningoja, niliona uchungu wa kweli juu ya hilo. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo darasa la tano, nikaijibu kwenye mtihani, nikapata alama. Sikuwa nimeihisi.

Nesi alikuwa amefika kabla yetu na ameshaagiza kwa mama lishe: chai ya tangawizi, vitumbua, supu ya samaki. Alikuwa amekaa, mguu juu ya kiti cha pili. Fundi alipotokea, ndugu zake wa Bagamoyo waliokuja kumpokea walipiga vigelegele mpaka watu wakatoka kwenye maduka. Nesi hakungoja, alimfunga kipimo cha presha mkononi akiwa bado amesimama, akamkalisha, akapima, akangoja dakika kumi, akapima tena. Aliporidhika ndipo akamwachia anywe chai.

Tulirudi mchana kwa basi, na nilipofika nyumbani nililala hadi siku ya pili. Ngazi zilinisumbua kwa siku kadhaa. Kidonda cha Nesi kilichukua muda mrefu zaidi kupona, na katika siku hizo Kijana ndiye aliyempitia kila jioni kumsafishia na kumbadilishia shashi, akielekezwa hatua kwa hatua. Mwaka huu tunajiandaa kwenda tena, na kundi limeongezeka. Mpangaji wa mstari bado ni Mwalimu. Kijana amepewa kazi ya pili: katika kila kituo, Nesi akimaliza kuwakagua wengine, yeye atamvua Nesi viatu.